Kuta za Santuri: Nani Aliugawa Muziki wa Marekani?

Naanza kwa kuungama. Mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni, katika somo la historia ya muziki, niliwasilisha semina juu ya muziki pendwa wa Marekani. Nilichora ubaoni mstari mmoja wima. Kushoto niliandika bluzi, jazi na nyimbo za injili. Kulia niliandika kantri na nyimbo za milimani. Juu ya upande wa kushoto nikaweka neno "weusi", juu ya upande wa kulia nikaweka neno "weupe". Nikaeleza kwamba katikati ya miaka ya 1950 pande hizi mbili zilikutana zikazaa roki, na hadithi ikaishia hapo. Wenzangu walipiga makofi. Alama nilizopewa hazikuwa haba. Ule mstari nikaendelea kutembea nao kichwani kama msafiri mwenye ramani.

Muhula uliofuata mwalimu wetu mmoja alikuja darasani na rekodi mbili, akazipiga bila kutuambia ni za nani. Ya kwanza ilikuwa kinanda cha mdomo peke yake, kikiiga treni: magurudumu yanaanza polepole, yanashika kasi, honi inalia kwa mbali. Mimi, bingwa wa mstari, nilinyoosha mkono upesi: "Huyu ni Mzungu wa milimani, mwalimu." Ya pili ilikuwa sauti ya mwanamume anayeimba bluzi, tarumbeta ikimjibu kila amalizapo mstari. Nikasema, "Huyu mweusi, tena bendi yake ni ya New Orleans." Sauti ile ilipoanza kuruka kutoka kifuani hadi kichwani, ule mruko ambao Wamarekani huuita yodeli, nikasita kidogo. Lakini nilikwisha sema.

Kumbe rekodi ya kwanza ilikuwa "Pan American Blues" ya mwaka 1927, na mpigaji ni DeFord Bailey, mwanamuziki mweusi wa Tennessee. Ya pili ilikuwa "Blue Yodel No. 9" ya mwaka 1930, na mwimbaji ni Jimmie Rodgers, Mzungu wa Mississippi ambaye mashabiki wa kantri humwita baba wa muziki wao. Tarumbeta nililisikia vizuri: lilikuwa la Louis Armstrong, na piano ilipigwa na mkewe Lil Hardin Armstrong. Jina la Armstrong halikuandikwa kwenye santuri hiyo. Darasa lilicheka. Nami nilicheka, ila changu kilikuwa kicheko cha aibu.

Makala haya ni jaribio la kuifuta semina ile. Ninadai jambo moja tu. Mpaka kati ya "muziki wa weusi" na "muziki wa weupe" huko Marekani haukutoka ndani ya muziki. Uliwekwa na wauza santuri katika miaka ya 1920, nasi wanafunzi na wahakiki tukaupokea kana kwamba ni maelezo ya fani. Ukiutafuta masikioni, mpaka huo ni uongo. Ukiutafuta mfukoni, yaani katika malipo, hakimiliki na kazi, ni kweli kabisa. Mhakiki anayeona upande mmoja tu wa jambo hili atapotosha, kama nilivyopotosha mimi.

Maboksi yalivyotengenezwa

Tarehe 10 Agosti 1920, mjini New York, mwimbaji mweusi Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues", utungo wa Perry Bradford, kwa kampuni ya Okeh. Bradford, naye mweusi, ndiye aliyezunguka ofisi kwa ofisi akiwashawishi wenye kampuni kwamba watu weusi wana fedha na watanunua sauti za watu wao. Wenye kampuni hawakuamini. Santuri ile ilipotoka ikanunuliwa kwa fujo, wakaamini. Mwaka uliofuata Okeh ikafungua mfululizo maalumu wa namba, kuanzia 8000, kwa ajili ya wanunuzi weusi. Hizo ndizo zilizokuja kuitwa rekodi za mbari. Neno hilo wakati ule halikuwa tusi. Magazeti ya weusi, kama Chicago Defender, yalilitumia kwa fahari: mtu wa mbari alikuwa mtu anayewatetea wenzake. Hapa pana kejeli kubwa. Neno la fahari lilichukuliwa likawa jina la rafu dukani.

Mwaka 1923 Ralph Peer wa kampuni hiyohiyo alikwenda Atlanta akamrekodi Fiddlin' John Carson, mpiga fidla Mzungu. Hiyo nayo iliuzwa kuliko ilivyotarajiwa, na kampuni zikagundua kwamba Wazungu maskini wa kusini nao ni soko. Mwaka 1925 kundi la Al Hopkins lilimaliza kurekodi Okeh likaulizwa jina. Hopkins akajibu kwa mzaha kwamba wao ni washamba wa milimani tu, waitwe vyovyote. Mzaha ule ukawa jina la kundi, kisha ukawa jina la utanzu mzima. Kampuni ya Columbia nayo ikagawa namba zake: mfululizo wa 14000 kwa wanunuzi weusi, na wa 15000 kwa nyimbo za zamani za Wazungu wa kusini.

Sasa basi, tujiulize: kwa nini mgawanyo huu? Sababu ya kwanza ni ya kibiashara. Redio ilikuwa imeanza kuwanyang'anya wauza santuri wateja wao wa mjini, hivyo ilibidi watafute wateja wapya vijijini na katika mitaa ya maskini. Sababu ya pili ni ya kisiasa. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1896, sheria za ubaguzi za kusini zilikuwa na baraka za taifa. Mabehewa ya treni yalitengwa, shule zilitengwa, hata mabomba ya maji ya kunywa yalitengwa. Mfanyabiashara aliyechapa katalogi mbili hakuhitaji kuwa na chuki ya pekee. Alifuata tu jinsi mitaa ilivyogawanywa. Lakini katalogi ile, baada ya kuchapwa, ikaanza kufanya kazi yake yenyewe.

Majirani wawili wa Carroll

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi hiyo. Katika wilaya ya Carroll, jimbo la Mississippi, aliishi Willie Narmour, mkulima Mzungu na fundi wa fidla. Mwenzake wa kawaida alikuwa Shell Smith, mpiga gitaa, naye Mzungu. Karibu nao, kijijini Avalon, aliishi Mississippi John Hurt, mkulima mweusi na mpiga gitaa. Smith alipokosekana, Hurt ndiye aliyekuwa akimpigia Narmour gitaa kwenye dansi za vijijini. Narmour alipopata nafasi ya kurekodi na Okeh, alimtaja jirani yake Hurt kwa watu wa kampuni, nao wakamwita. Mwaka 1928 Hurt alirekodi Memphis mwezi wa Februari, na New York mwezi wa Desemba.

Tazama kilichotokea baada ya hapo. Narmour na Smith wakaingizwa kwenye namba za 45000, rafu ya washamba wa milimani. Mojawapo ya rekodi zao zinazopendwa hadi leo, "Carroll County Blues" ya mwaka 1929, ina neno bluzi kwenye jina lake. Hurt akaingizwa kwenye namba za 8000, rafu ya mbari, hata kwa nyimbo ambazo zilikuwa masimulizi ya zamani yaliyoimbwa na weusi na weupe sawasawa. Wilaya ni moja, kampuni ni moja, dansi walizopiga ni zilezile, na mikono iliwahi kupiga pamoja. Santuri zao hazikukutana kwenye ukurasa mmoja wa katalogi.

Hebu fikiria mwanafunzi wa leo anayeandika historia kwa kutumia katalogi hizo. Atakuta rafu mbili, naye atahitimisha kwamba palikuwa na watu wa aina mbili wenye muziki wa aina mbili. Ndivyo nilivyofanya mimi. Nilichukua mpangilio wa ghala la muuzaji nikauita historia ya utamaduni.

Tena katalogi haikuhifadhi tu, ilichagua. Watu wa kampuni walipokwenda kusini walitaka bluzi kwa mweusi na fidla kwa Mzungu. Mweusi mwenye fidla aliwachanganya. Wapigaji weusi wa fidla, banjo na gitaa walikuwa wengi tangu enzi za utumwa, kwa kuwa wao ndio waliopiga kwenye dansi za mabwana zao. Lakini katika rekodi za miaka ya 1920 wako wachache. Kundi la Mississippi Sheiks ni mmoja wa mifano iliyopenya. Walikuwa weusi, fidla ikiongoza, na walipiga kwenye dansi za Wazungu na za weusi. "Sitting on Top of the World" waliirekodi Okeh mwaka 1930. Mwaka 1935 Bob Wills, Mzungu wa Texas, aliirekodi pia, na kwake ikahesabiwa kantri. Wimbo ni uleule, mlango wa kuingilia ndio tofauti.

Fani inasemaje?

Wenzangu wa fasihi watauliza: je, fani yenyewe haitofautiani? Ni swali la haki, maana sisi huambiwa tusihukumu kazi kabla ya kuitazama ilivyoundwa.

Tutazame umbo la bluzi. Umbo lake la kawaida lina vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Mstari wa kwanza wa maneno huchukua vipimo vinne, mstari wa pili huurudia wa kwanza juu ya kodi nyingine, na mstari wa tatu hujibu na kufunga. Kati ya mstari na mstari huachwa nafasi ambamo ala hujibu. Kwa msikilizaji wa huku kwetu hilo si geni: ni kiongozi na kiitikio, isipokuwa mwitikiaji ni gitaa. Sasa sikiliza mfululizo wa "Blue Yodel" ambao Jimmie Rodgers aliuanza mwaka 1927. Vipimo 12 vipo, urudiaji wa mstari upo, jibu la ala lipo. Alichoongeza ni yodeli mwishoni mwa ubeti, ambayo kabla yake ilikuwa imezunguka sana kwenye majukwaa ya vichekesho na maonyesho ya miji. Rodgers alikulia Meridian, akafanya kazi kwenye reli pamoja na vibarua weusi. Bluzi hakuisoma kitabuni.

Tutazame banjo. Ukimuuliza mtu yeyote achore picha ya Mzungu wa milimani, atampakatisha banjo. Lakini Thomas Jefferson, katika kitabu chake juu ya Virginia cha miaka ya 1780, aliandika wazi kwamba ala hiyo weusi walikuja nayo kutoka Afrika. Huko Senegambia Wajola wanapiga akonting hadi leo: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu, na uzi mmoja mfupi wa kidole gumba. Ndugu yake banjo anatambulika kwa sura tu.

Sisemi kwamba hakuna tofauti. Zipo lafudhi, upo mkazo wa pigo, ipo namna ya kuipinda noti, zipo dini na dhiki tofauti nyuma ya maneno. Ninachosema ni kwamba tofauti hizi hazipangiki juu ya mstari wa rangi. Zinapanda na kushuka kati ya wilaya na wilaya, hata kati ya mpigaji na mpigaji. Rekodi zilizofanyika Bristol mwaka 1927, mpakani mwa Tennessee na Virginia, mara nyingi huitwa kuzaliwa kwa kantri, kwa sababu hapo ndipo Peer, akiwa sasa na kampuni ya Victor, alipowapata Carter Family na Jimmie Rodgers ndani ya siku chache. Lakini hapohapo, wiki hiyohiyo, alirekodi El Watson, mpiga kinanda cha mdomo mweusi, ambaye pia aliwasindikiza Johnson Brothers, wanamuziki Wazungu. Ikiwa huko ndiko kuzaliwa kwa kantri, basi mweusi alikuwemo chumbani mtoto alipolia.

Je, huku si kutetea wizi?

Nilipoeleza mawazo haya kwenye mazungumzo ya bwenini, rafiki yangu mmoja alinikatiza kwa hasira. "Wewe sasa unawasafisha wezi," alisema. "Kama muziki ni wa wote, basi hakuna aliyeibiwa." Niseme kweli, usiku ule sikuwa na jibu. Hoja yake ndiyo hoja nzito kuliko zote zinazonikabili, na asiyeijibu bora anyamaze.

Jibu langu sasa ni hili. Mpaka haukuwepo kwenye sauti, lakini ulikuwepo kwenye daftari la malipo, na ulifanya kazi pande zote mbili za santuri. Lesley Riddle alikuwa mpiga gitaa mweusi, mzaliwa wa Burnsville, North Carolina. Alipoteza mguu katika ajali kwenye kiwanda cha saruji. Baadaye kidogo alikutana na A. P. Carter, kiongozi wa Carter Family, wakawa wanasafiri pamoja vijijini kukusanya nyimbo. Carter aliandika maneno. Riddle, aliyekuwa na sikio kali, alibeba tuni kichwani mpaka nyumbani. Maybelle Carter, ambaye upigaji wake wa gitaa uliwafunza maelfu, alijifunza pia kwa kumtazama Riddle. Riddle hakurekodi na Carter Family hata mara moja. Nyimbo zilizokusanywa ziliandikishwa kwa jina la A. P. Carter. Ilifika mwaka 1965 ndipo Mike Seeger alipomtafuta Riddle na kuanza kumrekodi.

DeFord Bailey, yule aliyeniumbua darasani, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi cha redio cha Nashville kinachoitwa Grand Ole Opry. Jina hilo lenyewe lilitamkwa mara ya kwanza na mtangazaji George D. Hay mwaka 1927, usiku ambao Bailey alikuwa hewani. Katika ziara za kusini alipigiwa makofi jukwaani, kisha akanyimwa chumba kwenye hoteli walizolala wenzake Wazungu. Mwaka 1941 aliondolewa kwenye kipindi. Miaka mingi iliyofuata aliendesha kibanda chake cha kung'arisha viatu katika mji huohuo wa Nashville. Aliingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa kantri mwaka 2005, akiwa amekwisha fariki tangu 1982.

Nenda upande wa pili. Mwaka 1955 Chuck Berry, kijana mweusi wa St. Louis, aliuchukua wimbo wa fidla "Ida Red", ambao Bob Wills alikuwa ameurekodi mwaka 1938, akaugeuza kuwa "Maybellene". Huyu ni mweusi aliyekopa kantri, tena kwa ufundi mkubwa. Lakini santuri ilipotoka, Berry aliwakuta watu wawili wameandikwa kuwa watunzi wenzake, mmoja wao akiwa mtangazaji Alan Freed. Berry alisubiri miaka mingi kabla ya jina lake kubaki peke yake.

Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa sahihi kuhusu wizi, ila nadhani alikosea mahali pa kuuona. Kukopa hakukuwa dhambi. Riddle na Carter walikopeshana, Hurt na Narmour walikopeshana, Berry na Wills hali kadhalika. Dhambi ni kwamba mkopo wa upande mmoja ulisajiliwa kuwa mali, na wa upande wa pili ukaachwa kuwa hewa. Na boksi ndilo lililoficha jambo hilo. Mtu akishaamini kwamba kantri ni ya weupe kwa asili, hatauliza nani alimfundisha Maybelle. Kuuvunja ukuta, basi, si kumsafisha mwizi. Ndiko kufungua daftari.

Majina yalibadilika, ukuta ukabaki

Mwaka 1949 jarida la Billboard lilibadili majina ya chati zake. Jerry Wexler, mwandishi wao kijana, alipendekeza "rekodi za mbari" ziitwe rithimu na bluzi. Mwaka huohuo upande wa pili ukapewa jina la kantri na magharibi. Maneno yakawa ya adabu zaidi, lakini rafu zilibaki mbili, na wanaozijaza walibaki walewale.

Mwaka 1962 Ray Charles alitoa albamu nzima ya nyimbo za kantri. "I Can't Stop Loving You", utungo wa Don Gibson, ulishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya pop na ya rithimu na bluzi, lakini kwenye chati ya kantri haukuonekana. Mwaka 1966 kampuni iliyomrekodi Charley Pride ilipeleka santuri zake za kwanza kwenye vituo vya redio bila picha yake. Masikio yalimpokea, ilihofiwa kwamba macho yangemkataa. Mwaka 1971 Pride alichaguliwa msanii bora wa mwaka wa kantri. Hapo ndipo utaona ninachomaanisha ninaposema ukuta haukuwa masikioni.

Na wala si mambo ya kale. Mwezi Machi 2019 Billboard iliondoa "Old Town Road" ya Lil Nas X kwenye chati ya kantri, kwa maelezo kwamba haina vitu vya kutosha vya kantri ya leo. Baadaye, kwa toleo aliloimba na Billy Ray Cyrus, wimbo ule ulikaa kileleni mwa chati kuu kwa wiki 19. Mwezi Februari 2024 Beyoncé akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya nyimbo za kantri, kwa "Texas Hold 'Em". Banjo inayofungua wimbo huo imepigwa na Rhiannon Giddens, mwanamuziki ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwakumbusha Wamarekani ilikotoka ala hiyo. Mwezi Februari 2025 albamu ya *Cowboy Carter* ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Lakini katika tuzo za chama cha kantri cha Nashville za mwaka 2024 haikutajwa hata kwenye orodha ya wagombea. Mtu anaweza kusema ni suala la ladha. Sawa. Lakini ladha nayo ina historia, na hii tumeona ilianzia kwenye namba za santuri.

Chemirocha

Santuri za Jimmie Rodgers hazikuishia Marekani. Yeye alifariki mwaka 1933 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 35, lakini sauti yake ilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya kwa njia ya gramafoni. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, eneo la Kericho, nyimbo zinazoitwa "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, likiwa limepitia kinywa cha Kikipsigis. Zinapigwa kwa chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti. Katika rekodi inayojulikana zaidi wanaoimba ni wasichana. Tracey aliandika kwamba Chemirocha alikuwa amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala, anayealikwa aje acheze.

Mimi sioni hapa kichekesho cha watu waliokosea jina. Ninaona wasikilizaji waliopata sauti bila katalogi. Hakuna aliyewaambia sauti hii iwekwe rafu ipi, ya mbari au ya milimani, nao wakaiweka mahali pao wenyewe, kwenye ngoma na kwenye ala yao. Sitaki kulipaka jambo hili sukari. Kenya ya mwaka 1950 ilikuwa na maboksi yake ya rangi, tena ya sheria na ya ardhi. Hata Tracey alikuwa na boksi lake: alitafuta muziki wa asili usiochafuliwa na santuri, na bila shaka alishangaa kuikuta santuri imekwisha kuwa asili. Lakini ushahidi upo. Santuri ya Rodgers ilipofika pasipokuwa na rafu zake, watu walisikia muziki.

Hitimisho

Sisi wa idara za fasihi na sanaa tunajua ugomvi wa tanzu. Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wengi waliuliza kama yale ni mashairi. Ugomvi ule ulikuwa mkali, lakini angalau waliobishana walikuwa washairi na wahakiki, na hoja zilikuwa juu ya vina, mizani na maana. Mipaka niliyoieleza hapa iliwekwa na watu waliohesabu masanduku. Ndiyo maana ninapendekeza kwa wanafunzi wenzangu, na kwa heshima kwa walimu wetu wanaotunga mitihani, kwamba jina la utanzu tulisome kama tunavyosoma matini yoyote: nani alilitunga, lini, kwa ajili ya mnunuzi gani, na nani alinyimwa nini kwa sababu yake.

Na tujichunge sisi wenyewe. Mwaka 1963 vijana Wazungu wapenzi wa muziki wa zamani walimtafuta John Hurt huko Avalon wakampeleka kwenye tamasha la Newport, akashangiliwa kama mzee wa bluzi. Walimpenda kwa dhati. Hata hivyo walimkuta kwenye boksi la mwaka 1928 na wakampanga jukwaani kulingana na boksi lilelile, ingawa yeye alijua nyimbo za kila aina. Upendo nao unaweza kupokea ukuta bila kuuliza aliyeujenga.

Kuhusu semina yangu, alama zile sizirudishi, nilizihitaji. Lakini ikiwa yupo wa mwaka wa kwanza anayejiandaa kuchora mstari ule ubaoni, namwomba kabla ya kuinua chaki apige rekodi mbili, afumbe macho, na aseme kwa sauti anachokisikia. Kisha afungue macho, aulize nani alilipwa.